Anayekosea asitoke mchezoni

Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, Temeke. Wengi wa wanafunzi wangu wametoka shule za msingi za serikali, ambako masomo yote isipokuwa Kiingereza walisoma kwa Kiswahili. Wakifika sekondari wanakuta baiolojia na jiografia zinafundishwa kwa Kiingereza. Kinachowakwamisha kwanza ni maneno, sarufi baadaye.

Kwa miaka mingi mchezo wangu ulikuwa mmoja: wote simameni, nataja neno la Kiswahili, ukishindwa Kiingereza chake unakaa. Vicheko tele. Siku moja nikaangalia nani amekaa. Wale wale wa juzi, na sasa wanachezea rula dakika ishirini nzima. Waliobaki wamesimama hawakuwa na haja na mchezo, maneno walikuwa nayo tangu nyumbani.

Nikabuni daladala. Kila mstari wa madawati ni gari lenye ruti yake, Mbagala–Kariakoo, Gongo la Mboto–Posta. Konda ana kadi zilizokatwa kwenye maboksi ya biskuti, upande mmoja Kiswahili, wa pili Kiingereza. "Nauli!" Abiria anaonyeshwa Kiswahili, analipa kwa Kiingereza. Akikosa hashushwi: anageuziwa kadi, anasoma kwa sauti, kadi inarudishwa chini ya nyingine nne au tano, kisha konda anamrudia nayo kabla gari halijafika kituoni. Konda anabadilishwa kila safari, na niseme ukweli, wanagombania ukonda kuliko ushindi.

Siri iko kwenye kulichomoa neno kichwani. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma matini na waliojipima kwa kuyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio walikumbuka zaidi. Ndiyo maana kuitikia kwa pamoja hutudanganya walimu: kengele ikigonga kila mtu anajua, Jumatatu hakuna kitu.

Kosa lingine nililofanya ni kutia maneno ndugu kwenye gari moja. Sisi tunasema "niazime kalamu" na pia "nimeazima kalamu kwa Juma", kitenzi ni kilekile. Kiingereza kina "lend" na "borrow". Nilipoyapandisha pamoja, darasa zima likawa linabahatisha, hata waliokuwa wanajua moja wakalipoteza. Siku hizi "borrow" husafiri peke yake, mpaka abiria wailipe siku tatu tofauti bila kusita, ndipo "lend" inaingia. Rangi na matunda nazo nimeacha kuzifundisha kwa mafungu, ingawa vitabu vingi huzipanga hivyo.

Kelele? Zipo. Mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili alishagonga ukuta mara mbili, kwa hiyo sasa nauli inadaiwa kwa kunong'ona. Konda akipaza sauti anapokonywa kadi.