Shanga za Duka la Mtaani: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Duka lenyewe limo kichochoroni, Mji wa Kale, Mombasa. Nilianza kuingia humo nikiwa bado nashikwa mkono na nyanya yangu. Droo za mbao, mikebe ya maziwa ya unga, chupa, na ndani yake shanga za kila namna. Mpaka leo wateja huambizana pale kaunta mambo yasiyo kweli, nami huumia, kwa sababu navipenda vitu hivi.

Linalosemwa zaidi ni kwamba shanga za kioo za Wamasai na Wasamburu huundwa na wao wenyewe tangu jadi. Sivyo. Nyingi zimetoka Ucheki, hasa mji wa Jablonec nad Nisou, na zamani nyingine zilitoka Venice. Kabla kioo hakijawafikia kwa wingi walijipamba kwa mbegu, mifupa na chuma. Ukilisema hili, mtu hudhani unawapokonya Wamasai kitu. La! Kutunga ni kwao, kupanga rangi ni kwao, na hakuna kiwanda cha Ulaya kilichowafundisha.

Wengine wakisikia hayo husema, basi shanga zililetwa na Wazungu. Hapa ndipo ninapotamani watu wakae kitako wasikilize. Vasco da Gama alipofika Mombasa mwaka 1498, pwani hii ilikuwa imeshanunua shanga za India kwa karne nyingi, pamoja na akiki nyekundu za Khambhat, Gujarat. Na tulikuwa na mafundi wetu. Kule Tumbe, Pemba, wanaakiolojia wamefukua maelfu ya vigae vya vyungu vyenye mifereji, vilivyotumika kusugulia shanga za makome ya bahari, na vina zaidi ya miaka elfu moja.

Huambatana na hilo usemi kwamba watu wa bara walipumbazwa kwa shanga. Waliokwenda na misafara ya karne ya 19 wangeshangaa kusikia hivyo. Kila nchi ilikuwa na rangi na ukubwa inaoutaka, na uliopendwa jana ungeweza kukataliwa leo. Msafara uliobeba shanga zisizotakiwa ulikaa na mizigo yake na njaa yake. Samesame, zile nyekundu zenye moyo mweupe, zilikuwa miongoni mwa zilizosakwa sana. Dukani upo mkebe mmoja wa samesame kuukuu. Mzee mwenye duka huufungua nikimwomba, lakini hauzi.

Kuhusu kaharabu, ule utomvu wa miti uliogeuka kuwa kama jiwe, watu wamejifunza kipimo cha maji ya chumvi: ikielea ni ya kweli. Kipimo hicho ni nusu tu. Bakelaiti, ile plastiki ya zamani, itazama, sawa, lakini sandarusi nayo huelea, na sandarusi ndiyo iliyojaa pwani yetu, utomvu wa kale uliochimbwa ardhini na kusafirishwa hadi Marekani kutengenezea vanishi. Dondoshea tone la asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Sandarusi itanata, kaharabu haitajali. Mzee alinionyesha hivyo mbele ya bibi mmoja aliyeleta mkufu wa mamake. "Mwanangu," akamwambia, "hii ni sandarusi, na imetoka kwetu." Bibi aliuvaa papo hapo.

Wanaoanza kutunga hukosea namba. Ushanga wa namba 11 ni mdogo kuliko wa namba 8: namba ikipanda, ushanga hupungua. Na lulu isipimwe kwa uzito, kwani ya bandia ya kioo huweza kuwa nzito vilevile. Isugue kwenye jino taratibu. Ya kweli hukwaruza kama mchanga laini.

La mwisho husemwa kwa kunong'ona: utunda, shanga za kiunoni, ni mambo ya chumbani tu. Wake huvaa kwa ajili ya waume zao, nani akatae? Lakini hata watoto wachanga huvalishwa, na uzi huo ndio mizani ya nyumbani. Wa mdogo wangu nyanya aliununua hapo dukani. Ulipoanza kumkaza kiunoni, alirudi kwa furaha kununua shanga nyingine ishirini.