Swali la mtego hupima nini hasa?

Chemshabongo nyingi zinazozunguka katika makundi ya WhatsApp huja na dai kwamba anayezijibu ana akili kuliko wenzake. Mimi ninayefundisha saikolojia katika chuo cha ualimu ninalipinga dai hilo, kwa sababu thamani ya swali la mtego haimo katika jibu sahihi, bali katika lile kosa ambalo watu wengi hulifanya kwa namna moja. Darasa zima likitoa jibu baya lilelile, hapo hakuna bahati nasibu; ipo njia iliyowafikisha wote mahali pamoja, nayo inaweza kufuatiliwa.

Chukua swali hili. Daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100, na bei ya daftari inazidi ya kalamu kwa shilingi 1,000. Kalamu ni shilingi ngapi? Wengi hujibu 100 hata kabla swali halijamalizika kusomwa. Lakini kalamu ikiwa 100, daftari litakuwa 1,100, na jumla itakuwa 1,200. Kalamu ni 50 na daftari ni 1,050. Bidhaa za dukani nimeziweka mimi. Swali lenyewe limo katika jaribio la maswali matatu alilolichapisha Shane Frederick nchini Marekani mwaka 2005, na hata wanafunzi wa chuo kikuu cha MIT, waliofanya vizuri kuliko makundi mengine, walipata wastani wa 2.18 kati ya 3. Hesabu inayohitajika ni ya shule ya msingi. Kinachotokea ni kwamba 1,100 hujigawa yenyewe kuwa 1,000 na 100, maneno "inazidi kwa" yakasikika kama "ni", na jibu lililokuja kwa wepesi huo halimpi mtu sababu ya kulihakiki.

Mtego wa pili hauna hesabu hata kidogo: Musa aliingiza wanyama wangapi wa kila aina ndani ya safina? Wanaosema "wawili" wanajua fika, wawe Wakristo au Waislamu, kwamba mwenye safina ni Nuhu. Erickson na Mattson walipolichunguza swali hili mwaka 1981, waliwatahadharisha washiriki kwamba baadhi ya maswali yana kasoro, wakawataka wayasome kwa sauti, na bado wengi walinaswa. Musa na Nuhu wote ni manabii wa kale, na visa vya wote wawili vina maji mengi. Akili ikaona jina linakaribiana vya kutosha na kile inachokitarajia, ikaendelea na safari. Weka jina la mwanasoka hapo uone jinsi watu watakavyocheka papo hapo.

Mtego ninaouthamini zaidi ni ule wa baba na mwanawe waliopata ajali ya gari: baba akafariki, mtoto akakimbizwa hospitali, na daktari wa upasuaji alipomwona akasema, "Siwezi kumpasua, huyu ni mwanangu." Katika masimulizi hayo hakuna popote palipotajwa kwamba daktari ni mwanamume. Hata hivyo, wasikilizaji watamtafuta baba wa kambo, padri, hata mzimu, kabla ya kumfikiria mama. Hapa wanafunzi wangu wa kike hushtuka zaidi, kwa kuwa nao hunaswa, na mjadala unaofuata huwa mzito kuliko mhadhara wowote ninaoweza kuuandaa.

Si kila mtego ni wa haki, na hili walimu tulizingatie. Mtoto akiulizwa: ndege 10 wako mtini, mmoja amepigwa, wamebaki wangapi, akajibu tisa, huambiwa kwamba wote wameruka. Je, amepigwa kwa bunduki au kwa manati? Aliyeuliza hakusema. Swali la haki huweka kila kinachohitajika mbele ya msikilizaji, kama lile la daktari. Anayetega kitendawili na kupewa mji huwa na jibu ambalo jamii nzima inalikubali. Huyu wa ndege ana jibu lake mwenyewe tu. Kwa hiyo, katika mazoezi ya kufundisha, ninawataka walimu wanafunzi waandike jibu lao la kwanza, kisha waandike chini yake ni neno gani katika swali lililowapeleka huko, na alama ninazitoa kwa mstari huo wa pili.