Kubana pumzi wakati wa mionzi ya titi: maana yake

Vuta pumzi ndefu mpaka kifua kijae. Mbavu zinanyanyuka, hilo unalihisi. Usilolihisi ni kwamba pafu limejaa hewa, kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu, kimeshuka, na moyo umevutwa chini na nyuma, ukaachana kidogo na mbavu za mbele. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayotafutwa mgonjwa wa saratani ya titi la kushoto anapoambiwa abane pumzi kwenye tiba ya mionzi.

Miale hupigwa kwa mshazari, ikiparaza ukuta wa kifua. Titi likiwa la kulia, moyo kwa kawaida uko mbali. La kushoto ndilo lenye kazi: ncha ya moyo, pamoja na ateri inayoshuka mbele yake, hukaa palepale nyuma ya mbavu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wa wanawake 2,168 wa Sweden na Denmark, ulionyesha kwamba kila grei moja (kipimo cha kiasi cha mionzi) ya wastani inayofika moyoni huongeza hatari ya matatizo makubwa ya mishipa ya moyo, ukiwemo mshtuko wa moyo, kwa asilimia 7.4. Namba hiyo huwatisha watu bure. Haina maana kwamba wanawake saba katika mia wataugua. Ni nyongeza juu ya hatari ambayo mtu tayari anayo. Kwa hiyo mwenye presha au mvutaji sigara ana zaidi cha kuogopa. Nyongeza hiyo ilianza kuonekana ndani ya miaka 5, ikaendelea hata baada ya 20.

Chumbani mgonjwa hulala chali, mikono juu ya kichwa. Wataalamu hutoka, sauti ikabaki kwenye spika: "Vuta pumzi, shikilia." Sekunde ishirini hivi, mashine inapiga, kisha, "Pumua." Hurudiwa mara kadhaa. Kamera hufuatilia kifua, na akikohoa miale hukatwa. Mazoezi hufanywa mapema, tena hata nyumbani.

Asiyeweza kushikilia pumzi hakosi njia. Wapo wanaolazwa kifudifudi, titi likining'inia mbali na kifua. Huwafaa hasa wenye matiti makubwa. Na wapo ambao picha za CT zinazoonyesha ndani ya mwili, moja ya pumzi ya kawaida na nyingine ya pumzi iliyobanwa, zikiwekwa pamoja huonyesha moyo ulikuwa mbali tangu mwanzo. Hao huachwa wapumue.