Weka Tupa Chini: Alama Anayoitafuta Asiyeona Iko Ukingoni mwa Sarafu

Kati ya sarafu zilizoharibiwa ambazo hutufikia mezani sisi tunaoshughulikia sarafu, zipo zilizoharibiwa kwa mapenzi. Mtu ana mzazi asiyeona. Anachukua tupa na kuchonga pengo kwenye kila sarafu ya thamani kubwa ili mzazi aitambue. Mwingine anatoboa tundu. Nia tunaielewa na hatuibezi. Lakini kazi hiyo ni bure, kwa sababu alama aliyoitaka ilikuwapo tangu sarafu ilipotoka kiwandani.

Iko ukingoni. Anayeona hutazama picha na tarakimu, kisha hudhani kwamba asiyeona anazipapasa hizo hizo. Hazipapasi. Michoro ya usoni imeinuka kidogo mno, na husagika kadiri sarafu inavyopita mikononi. Ndiyo maana pia swali tunaloulizwa kila mara, “kwa nini msiweke nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole?”, linatuchosha kidogo. Nukta nundu huinuka karibu nusu milimita ili kidole kiisome vizuri, na wengi waliopoteza uwezo wa kuona ukubwani hawakuwahi kujifunza maandishi hayo. Marekani ilitoa mwaka 2009 sarafu ya fedha ya dola 1 yenye nukta nundu zinazosomeka, lakini ilikuwa ya kuadhimisha miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Louis Braille, aliyebuni maandishi hayo, si ya kuzungushwa madukani.

Tazama euro, zilizoanza kutumika mikononi mwa watu tarehe 1 Januari 2002. Senti 1 na senti 5 zina ukingo laini, lakini moja ni ndogo na nyingine kubwa waziwazi. Kati yao ipo senti 2, nayo ina mfereji mmoja unaoizunguka. Senti 10 na 50 zina mawimbi madogo ukingoni, na senti 20 imebonyea mahali 7 kama ua. Ukingo wa euro 1 hupishanisha vipande laini na vyenye meno. Wa euro 2 una meno membamba na maandishi. Hayo hayakutokea kwa bahati: vyama vya wasioona vilishauriwa kabla maumbo hayajapitishwa.

Kidole hakifanyi kazi peke yake. Mtu huishika sarafu kwa kidole gumba na cha shahada, akaizungusha huku kucha ikikwaruza ukingo. Penye meno, kucha hutetemeka na mkwaruzo husikika. Penye ulaini hapasikiki kitu. Senti 10 ya Marekani ina kipenyo cha milimita 17.91 na senti 1 milimita 19.05. Tofauti ya milimita moja na ushei inapotea upesi mfukoni, ila senti 10 ina meno 118 na senti 1 haina hata moja. Kanuni ya kutofautisha kingo za sarafu zinazokaribiana ukubwa ilipopuuzwa, matokeo yalionekana. Sarafu ya dola 1 ya Marekani ya mwaka 1979 yenye sura ya Susan B. Anthony, mtetezi wa haki za wanawake, ilikuwa na meno na ukubwa unaokaribia wa robo dola, hata wenye macho yao wakazichanganya. Dola iliyofuata mwaka 2000 ikapewa ukingo laini.

Wengine wamepita njia ya umbo. Uingereza ina sarafu ya peni 50 yenye pembe 7 tangu mwaka 1969, na India ilitangaza mwaka 2019 sarafu ya rupia 20 yenye pembe 12. Japani hutoboa tundu katikati ya yen 5 na yen 50, kisha ukingo unazitenganisha: ya 5 laini, ya 50 meno. Yen 1 ya alumini ina gramu 1 tu, hata kuipapasa si lazima.

Kuhusu dai kwamba asiyeona hutambua sarafu kwa sauti, tupunguze hadithi. Ni kweli alumini hailii kama shaba, na mtu aliyezoea sarafu za nchi yake anaweza kuitambua inayoanguka kwenye sakafu ngumu. Lakini hakuna apokeaye chenji kwa kuiangusha. Sauti ni shahidi wa pili, na wasioona si watu wenye mlango wa sita wa fahamu. Tafadhali msiwarushie sarafu kuwajaribu.

Sasa turudi kwenye tupa. Sheria ya Marekani inaadhibu anayebadilisha sarafu kwa nia ya kudanganya: faini, kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Nia njema inaweza kukuokoa na kifungo hicho, haikuokoi na hasara. Katika nchi za euro, sarafu iliyoharibiwa kwa makusudi inaweza kukataliwa kurudishiwa thamani yake. Ada ya kawaida ya kushughulikia zile mbovu zinazokubaliwa ni asilimia 5 ya thamani. Kwingineko utaratibu ni tofauti; uliza benki kabla ya kuchonga, si baada.

Simu janja nayo haijamaliza kazi. Programu za kutambua fedha zimelenga zaidi noti. Sarafu hung'aa, huchakaa, na kamera haiwezi kujua ukubwa wake bila kitu cha kulinganishia. Mpaka simu itoke mfukoni, kucha imeshajibu. Wanaohitaji msaada zaidi ni wale ambao vidole vimekufa ganzi, kwa mfano kwa kisukari, ugonjwa ambao waweza kuchukua macho na hisia za vidole pamoja. Kwao kishikio chenye nafasi ya kila sarafu kwa kipimo chake kinafaa kuliko programu yoyote, na hakigusi sarafu kwa tupa.

Kwa makeshia ombi ni dogo. Usimwage chenji yote kiganjani kwa mkupuo. Taja thamani, weka sarafu kwanza, kisha noti. Akizipitia tena moja moja, msubiri. Hajakutuhumu wizi.