Julai Nne, Aiskrimu na Zukini Barazani: Wanayodhani Watu na Yaliyo Kweli

Mama mdogo akinipigia simu kutoka Morogoro kati ya Juni na Septemba, nakuwa nimeshajua swali: "Hivi nyie huko kazi mnafanya saa ngapi?" Kosa ni letu wenyewe. Tunamtumia picha za wajukuu zake: wiki hii wamepakwa mashavu rangi nyekundu, nyeupe na buluu, wiki ijayo wameshika donati, mara wamejifunga kitambaa jicho moja wanajifanya maharamia. Anayezitazama kwa mbali anaona taifa zima limegoma. Hata sisi tunaoishi hapa Marekani tuna mengi tuliyoyasikia tu kuhusu sikukuu hizi, na waliotufundisha makosa hayo ni Wamarekani wenyewe.

"Kila siku yenye jina ni ya mapumziko"

Wapi! Serikali kuu ya Marekani ina sikukuu 11 tu kwa mwaka. Kwa familia nyingi majira ya joto ni kuanzia mwisho wa Mei hadi mwanzo wa Septemba, na humo zimo nne: Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, Juneteenth (ya kukumbuka watumwa wa Texas walipotangaziwa uhuru), Juni 19, Siku ya Uhuru, Julai 4, na Labor Day (ya wafanyakazi), Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Hata hizo haziwahusu waajiri wote kwa lazima. Wanaopumzishwa na sheria ni watumishi wa serikali kuu. Majimbo hujipangia ya kwao, na mwenye kampuni binafsi halazimishwi na sheria ya nchi kumpa mtu mapumziko. Ndiyo maana Julai 4 utamkuta muuzaji yuko kaunta na muuguzi yuko zamu, huku jirani yao anapepea mkaa.

Siku ya Bendera, Juni 14, haimo kabisa katika hizo 11, ingawa Pennsylvania wameifanya sikukuu ya jimbo lao. Donati, aiskrimu na tikiti maji nazo zina siku zao, lakini watu wanaamka kwenda kazini kama kawaida, sherehe ni jioni.

Na kwa faida ya wageni: Memorial Day ni ya wanajeshi waliokufa vitani, si ya kila aliyewahi kuvaa sare. Walio hai wana siku yao Novemba 11. Watu watachoma nyama siku zote mbili, lakini usimpe mjane wa askari pongezi za sikukuu mwezi Mei.

"Uhuru ulipigiwa kura na kutiwa saini Julai 4, 1776"

Hapa ndipo penye utamu. Kura ya kujitenga na Uingereza ilipigwa Philadelphia Julai 2, 1776. New York hawakupiga kura siku hiyo. Idhini yao ilikuja Julai 9. Kilichotokea Julai 4 ni kupitishwa kwa maandishi, yaani maneno yenyewe ya Tamko la Uhuru, ambayo usiku ule ule yalipelekwa kwa mpiga chapa John Dunlap. Wananchi wa Philadelphia walisomewa hadharani Julai 8. Saini nyingi ziliwekwa Agosti 2, na baadhi ya wale 56 walitia zao baadaye zaidi. Ile picha ya wazee wote wamekusanyika chumba kimoja na kalamu ya manyoya siku ya Julai 4 ni ya kupamba ukuta.

John Adams, ambaye baadaye alikuwa rais wa pili, alimwandikia mkewe Abigail Julai 3 akiwa na uhakika kabisa: Julai 2 itakumbukwa na vizazi vyote kwa gwaride, michezo, milio ya bunduki, kengele na mioto ya shangwe kutoka ncha moja ya bara hadi nyingine. Kila kitu alikipatia isipokuwa tarehe. Na kana kwamba Julai 4 ilikuwa na kisasi naye, alifariki siku hiyo mwaka 1826, Tamko likitimiza miaka 50, siku moja na Thomas Jefferson. Rais wa tano, James Monroe, naye akafa Julai 4, 1831. Watoto wetu wanaipenda hadithi hii kuliko Tamko lenyewe.

Kuna na kengele. Wengi wameshasimuliwa kwamba Kengele ya Uhuru, ile ya Philadelphia yenye ufa, iligongwa Julai 4 kwa nguvu hata ikapasuka. Hadithi ya mzee aliyesubiri ishara ya mvulana ili agonge ilitungwa na mwandishi George Lippard mwaka 1847. Wala haipatani na akili: uamuzi wenyewe haukutangazwa hadharani siku ile.

Halafu kuna dhana kwamba Julai 4 ni ya Marekani peke yake. Waulize Wanyarwanda. Kwao ni Siku ya Ukombozi, ya kukumbuka mwaka 1994 mauaji ya kimbari yalipokomeshwa. Ufilipino nayo ilipewa uhuru na Marekani Julai 4, 1946, kisha ikahamishia sherehe zake Juni 12. Kwa familia za Maziwa Makuu zilizohamia hapa, wiki hiyo huwa imejaa hasa: Kongo Juni 30, Burundi na Rwanda Julai 1, Marekani Julai 4, na kwa Watanzania Saba Saba, ambayo sasa pia ni Siku ya Kiswahili Duniani. Mkaa ukishawashwa Juni 30 hakuna haja ya kuuzima.

"Kuvaa fulana ya bendera ni kosa la jinai, na bendera ikigusa ardhi lazima ichomwe"

Sisi tuliokulia nchi ambako bendera ya taifa haichezewi, tukifika huku tunashtuka: bendera iko kwenye soksi, kofia, sahani za karatasi, hadi kaptula za kuogelea. Mwongozo wa Bendera upo, na umo katika sheria ya nchi tangu 1942. Unasema wazi kwamba bendera isitumike kama vazi wala isichapwe kwenye leso za karatasi au kitu chochote cha kutumia na kutupa. Ila hauna adhabu kwa raia. Mahakama ya Juu ilikwenda mbali zaidi mwaka 1989 iliposema kwamba hata kuichoma kwa kupinga serikali ni sehemu ya uhuru wa kujieleza. Kwa hiyo leso za bendera anazonunua shangazi kila mwaka zinakiuka mwongozo waziwazi, na hakuna askari atakayekuja kugonga mlango.

Kuhusu ardhi: bendera iliyoanguka haihukumiwi. Ikichafuka inafuliwa na kuendelea kupeperushwa. Kuichoma kwa heshima kumewekwa kwa ile iliyochakaa kiasi cha kutofaa tena. Na Betsy Ross, yule mshonaji anayesemekana kubuni bendera ya kwanza? Kisa chake kilianza kuvuma mwaka 1870 baada ya mjukuu wake kukisimulia kwenye mkutano, karibu karne nzima baadaye. Aliyepeleka madai ya malipo enzi zile za kupigania uhuru kwa kubuni bendera ni Francis Hopkinson, mmoja wa waliotia saini Tamko. Aliomba alipwe kwa divai. Hakulipwa.

"Juneteenth ndiyo siku utumwa ulipokwisha Marekani"

Karibu, lakini siyo. Juni 19, 1865, Jenerali Gordon Granger alitangaza mjini Galveston, Texas, kwamba watumwa wa jimbo lile wako huru, zaidi ya miaka miwili baada ya tangazo la Rais Lincoln la Januari 1, 1863. Tangazo la Lincoln lilihusu tu majimbo yaliyoasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Delaware na Kentucky hayakuasi, na huko watu waliendelea kumilikiwa hadi Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipopitishwa Desemba 1865. Weusi wa Texas waliisherehekea siku hii vizazi na vizazi kabla Washington haijaifanya sikukuu ya nchi mwaka 2021. Mezani huwekwa vyekundu: soda nyekundu, tikiti maji, keki. Ni siku ya furaha kweli, lakini napenda watoto waambiwe kwanza kwa nini inasherehekewa, ndipo wamiminiwe soda.

"Siku za kuchekesha zimetangazwa na rais"

Ipo iliyotangazwa, na ndiyo inayowapoteza watu. Mwaka 1984 Bunge lilipitisha azimio na Rais Ronald Reagan akatoa tamko kwamba Julai ni mwezi wa aiskrimu na Julai 15 ni siku yake. Yalihusu mwaka ule mmoja tu. Iliyoendelea ni desturi ya Jumapili ya tatu ya Julai, na wenye maduka ya aiskrimu, kama unavyoweza kukisia, hawakuona sababu ya kuiacha ife. Tangu 1995 kanuni za Baraza la Wawakilishi zinazuia miswada ya kuadhimisha vitu vya namna hiyo.

Basi nyingine hutoka wapi? Popote. Kuna kitabu cha kalenda kinachotoka kila mwaka, kilichoanzishwa Michigan mwaka 1957 na ndugu wawili wa ukoo wa Chase. Mtu yeyote anaweza kukipelekea siku yake, na wahariri wakiipenda wanaiingiza. Wanandoa fulani wa Pennsylvania wamepenyeza siku kadhaa kwa njia hiyo. Ninayoipenda mimi ni ya Agosti 8: siku ya kumwachia jirani zukini barazani kwake kwa siri. Zukini ni yale maboga machanga, marefu na ya kijani, yanayofanana na matango. Mwezi Agosti yanazaa hadi mwenye bustani anakosa wa kumpa. Agosti 8! Wakati Tanzania inaadhimisha Nane Nane kwa maonesho, matrekta na hotuba za viongozi, huku watu wananyemelea baraza za wenzao wakiwa na mfuko wa mboga. Nyumbani kwetu siku hizo mbili zimeunganishwa bila mjadala.

Ila msidharau zote. Siku ya Donati, Ijumaa ya kwanza ya Juni, ilianzishwa Chicago mwaka 1938 na Jeshi la Wokovu, kwa heshima ya wanawake waliowakaangia donati wanajeshi wa Marekani huko Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kinyume chake, shindano maarufu la kula hotidogi la Coney Island, New York, linalofanyika Julai 4, kwa miaka mingi lilisemwa limeanza 1916, wahamiaji wanne walipobishana nani mzalendo zaidi. Mtu wa matangazo aliyeitunga hadithi hiyo alikiri mwenyewe mwaka 2010. Kumbukumbu za uhakika zinaanzia 1972. Ya donati, inayoonekana ya mzaha, ina historia. Ile yenye bendera kila upande ilitungwa na muuzaji.

"Vijiti vya cheche havina madhara, wape watoto"

Hapa naomba tuache utani kidogo. Fataki hizi za kushika mkononi huwaka kwa joto la nyuzijoto 1,100 hivi za Selsiasi. Dhahabu inayeyuka kwenye joto hilo. Mwachie mkubwa, weka ndoo ya maji karibu, na kijiti kikizimika kitumbukizwe humo, kisitupwe kwenye majani ambapo mtoto anakimbia pekupeku. Na usidhani zinaruhusiwa kila mahali: Massachusetts raia hana ruhusa ya kuwasha fataki ya aina yoyote, hata hivyo vijiti.

"Labor Day ndiyo Mei Mosi yao, na ndiyo mwisho wa majira ya joto"

Mei Mosi tunayoiadhimisha Afrika Mashariki ina mizizi hapa hapa Marekani, katika mgomo wa kudai saa nane za kazi ulioanza Mei 1, 1886 na vurugu za Chicago zilizofuata. Lakini Rais Grover Cleveland alipotia saini sikukuu ya wafanyakazi mwaka 1894, siku iliyowekwa ni ile ya Septemba, ambayo wafanyakazi wa New York walikuwa wameiandamania tangu 1882. Mei Mosi ikawa ya dunia, aliyeizaa akabaki na Septemba.

Na majira ya joto hayaishi siku hiyo, labda kwa wenye mabwawa ya kuogelea wanaoyafunika. Kwa kalenda ya jua yanaendelea hadi Septemba 22 au 23, kwa hiyo Septemba 19, siku ya kuongea kama maharamia, bado imo ndani. Hiyo ilibuniwa mwaka 1995 na marafiki wawili wa Oregon wakiwa mchezoni, ikafahamika nchi nzima mwaka 2002 baada ya mwandishi wa magazeti Dave Barry kuiandikia makala. Tarehe haina uhusiano wowote na bahari. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mke aliyekuwa ameachana na mmoja wao, na jamaa alikuwa na uhakika kwamba hiyo hataisahau.