Je, Wajua Kwa Nini Zege Humwagiliwa Maji Hata Baada ya Kushika?

Pita Utawala, Ruai au Kamulu, pembezoni mwa Nairobi, asubuhi ya Jumapili na hutakosa kumwona mtu ameshika mpira wa maji, anamwagilia sakafu tupu ya zege kama bustani ya sukuma wiki. Hakuna kilichopandwa pale. Zege lenyewe limeshika tangu jana, unalikanyaga bila kuacha alama. Anayepita kwenda dukani anashangaa: si tunangoja likauke? Mbona analirudisha kwenye maji?

Ni kwamba zege haliwi gumu kwa kukauka. Huwa gumu kwa kutumia maji, na likikauka mapema, kazi ya kuwa gumu hukatika njiani. Mtu anayejijengea veranda, njia ya gari, msingi wa tangi au nguzo za ua akilielewa hilo moja tu, ataepuka hasara nyingi ambazo watu huzitupia fundi au mfuko wa simiti.

Saruji tunayotumia ni ya aina ya Portland. Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, ndiye aliyeipatia hataza jina hilo mwaka 1824, ingawa unga wa leo umeboreshwa sana kuliko wake. Mawe ya chokaa huchomwa pamoja na udongo wa mfinyanzi katika tanuri hadi joto la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi. Kinachotoka ni vigololi vya kijivu viitwavyo klinka, na hivyo husagwa pamoja na jasi kidogo. Jasi ndiyo inayochelewesha kushika, ukapata muda wa kumwaga na kusawazisha. Bila hiyo mchanganyiko ungekugandia ndani ya karai.

Moto ule wa tanuri huzaa madini mapya, hasa silikati za kalsiamu, ambazo zina njaa ya maji. Zikikutana nayo hazilowi tu zikangoja jua. Zinaungana nayo, na maji yenyewe yanakuwa sehemu ya jiwe. Ukitazama kwa hadubini, kila chembe ya saruji inaota ganda la utomvu na nyuzi nyembamba sana. Nyuzi za chembe moja hupenya katikati ya nyuzi za chembe jirani, zikakumbatia mchanga na kokoto zote zilizo karibu. Huo mshikamano ndio ugumu unaousikia ukigonga zege kwa nyundo.

Sasa angalia jambo hili. Ganda hilo linavyozidi kunenepa, maji yanapata taabu zaidi kulipenya ili kuifikia sehemu ya ndani ya chembe ambayo bado haijaungana. Ndiyo maana mwendo huwa wa kasi siku za mwanzo, kisha hupungua. Zege la saruji ya Portland tupu, likitunzwa vizuri, hufikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake katika siku 7. Siku ya 28 ndiyo wahandisi wameikubali kuwa siku ya kulipima, lakini hata baada ya hapo kazi huendelea polepole kwa miezi, ikiwa unyevu bado upo.

Ukitaka kuhisi kazi hiyo, weka kiganja juu ya slabu nene asubuhi ya pili. Utakuta ina uvuguvugu usiotokana na jua, kwa sababu muungano wa saruji na maji hutoa joto. Katika slabu ya veranda joto hilo ni dogo. Katika bwawa la Hoover kule Marekani, lililomwagwa zege kuanzia 1933 hadi 1935, lilikuwa jingi mno: wahandisi walikadiria kwamba zege likiachwa lipoe lenyewe lingechukua zaidi ya miaka 100, wakalazimika kupitisha mabomba ya maji baridi ndani yake.

Na anayeshuku kwamba zege linaweza kuwa gumu bila kukauka anaweza kujaribu nyumbani. Jaza makopo mawili kwa mchanganyiko mmoja. Likishika, moja lizamishe kwenye ndoo ya maji, jingine liache juani kwenye paa. Baada ya mwezi toa yote mawili, yakwaruze kwa msumari wa inchi nne. Lile lililoishi ndani ya ndoo litakuwa gumu zaidi, tena kwa tofauti ambayo mkono unaisikia.

Hapo linakuja swali la haki kabisa. Mfuko wa kilo 50 unahitaji lita 12 hivi za maji ili kuungana kikemia. Sisi tunachanganyia lita 25, yaani mtungi wa lita 20 na robo yake, na wengi huzidisha ili zege liteleze vizuri. Kama tayari tumeweka maradufu, ya nini kuongeza tena?

Ni kwa sababu maji yale hayakai. Yanatoroka kwa juu kadiri jua na upepo vinavyoyavuta, na hayahitaji kwisha yote ndipo hasara ianze. Unyevu ndani ya vitundu vya zege ukishuka chini ya asilimia 80 hivi, muungano unakaribia kusimama, ingawa chembe nyingi za saruji bado hazijatumika. Umezilipia, zimo ndani, lakini zimelala. Zege lililoachwa hewani tangu mwanzo linaweza kubaki na karibu nusu tu ya nguvu ambayo lingepata kama lingewekwa majimaji muda wote.

Kuzidisha maji kwenye karai hakuziokoi chembe hizo. Mwaka 1918 mhandisi Duff Abrams wa Chicago alionyesha kwamba kadiri maji ya kuchanganyia yanavyozidi kulinganisha na saruji, ndivyo nguvu inavyopungua, kwa kuwa maji ya ziada huacha vitundu yanapotoka. Kwa hiyo maji yanataka kubanwa wakati wa kuchanganya, halafu yatolewe kwa ukarimu baada ya zege kushika. Kwenye mijengo mingi mtaani mambo huwa kinyume: karai linaogelea maji siku ya kumwaga, na kuanzia kesho yake hakuna anayekumbuka mtungi.

Nairobi haimwonei huruma mtu wa namna hiyo. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na karibu sana na ikweta. Januari na Februari mbingu huwa wazi, hewa ya alasiri ni kavu, na kule kwenye tambarare za Embakasi na Syokimau upepo hauna mti wa kuuzuia. Watu hudhani kwamba kwa kuwa hatutoki jasho kama wa Mombasa, basi zege letu halina shida. Ni kinyume chake, maana pwani unyevu wa hewa unasaidia kulinda zege, na huku hewa inalinyonya. Siku ya jua kali mita moja ya mraba inaweza kupoteza lita nne hadi sita. Ndiyo asili ya zile nyufa nyembamba zinazotokea saa chache tu baada ya kumwaga, hata kabla fundi hajaondoka: uso umekauka na kujikunja huku chini bado ni uji.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Soma maandishi madogo kwenye mfuko wako. Mifuko mingi ya bei nafuu inayouzwa kwenye hadiwea imeandikwa 32.5 N, na mara nyingi pia CEM IV/B. Namba 32.5 ni kipimo cha nguvu ya siku 28, na N ina maana kwamba nguvu za mwanzo huja kwa mwendo wa kawaida, si wa haraka. CEM IV/B ina maana kwamba kati ya asilimia 36 na 55 ya unga huo si klinka ila ni pozolana, na hapa Kenya pozolana hiyo hasa ni majivu na miamba ya volkano, ambayo nchi yetu imejaliwa tele.

Si udanganyifu, wala si saruji mbovu. Warumi wa kale walichimba majivu ya namna hiyo Pozzuoli, karibu na Napoli, ndiko jina pozolana lilikotoka, na zege la volkano ndilo lililojenga kuba la Pantheon mjini Roma katika karne ya 2, lenye upana wa mita 43, ambalo bado limesimama. Ila pozolana ina mwendo wake. Silikati zikiungana na maji huacha chokaa nyuma. Pozolana huichukua chokaa hiyo, pamoja na maji mengine, ikatengeneza gundi zaidi. Kazi hiyo huanza kushika kasi baada ya siku kadhaa, na inahitaji unyevu muda wote. Kwa hiyo desturi ya kumwagilia siku 3 kisha kuacha inaikatiza pozolana kabla haijafanya la maana. Kwa mfuko wa aina hiyo siku 7 ni kidogo. Nenda 10, na ukiweza 14. Julai, mawingu na baridi vikitanda, maji hayatoroki upesi lakini muungano nao hupunguza mwendo, kwa hiyo usifupishe siku.

Kuhusu namna ya kumwagilia, wengi hukosea saa. Ukimwaga maji mapema mno unaosha saruji ya juu na kuacha mchanga mtupu. Gusa uso kwa ncha ya kidole: kikiacha alama, au kama bado unang'aa kwa maji, ngoja. Ng'aro ikitoweka na kidole kisipoacha alama, anza kwa manyunyu mepesi. Katikati ya siku yenye jua na upepo, usiliache wazi ukisubiri. Tandika karatasi ya nailoni pindi linapoweza kuibeba bila kuharibika.

Baada ya hapo kinachotakiwa ni uso usikauke hata kidogo. Kunyunyiza asubuhi na jioni huku mchana wote uso umeachwa juani hakutoshi, maana kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, ni mateso kwa zege changa na huongeza nyufa. Njia ninayoipenda kwa slabu tambarare ni kuzungushia tuta dogo la mchanga au udongo pembeni, kisha kujaza maji kina cha sentimita mbili au tatu, yatulie kama kidimbwi. Kwa nguzo na kuta, funga magunia ya katani yaliyoloweshwa, halafu zungusha nailoni juu yake. Mbao zilizoshika zege ukiziacha siku chache zaidi, nazo zinasaidia kuzuia maji kutoka. Wanaofyatua matofali ya saruji na nguzo kando ya barabara wanalijua hili vizuri: tazama marundo yao, mapya huwa yamefunikwa na yanatona maji.

Najua kilio cha maji. Mitaa mingi hupata maji kwa zamu, na mtungi wa mkokoteni si bure. Basi tupige hesabu. Slabu ya mita 3 kwa 4, unene wa sentimita 10, hula karibu mifuko 8 ya saruji. Ikiachwa wazi kwenye jua kali itapoteza lita 60 kwa siku, mitungi mitatu. Kwa wiki ni mitungi 21; ukiinunua kwa shilingi 20 kila mmoja, ni shilingi 420, bei isiyofika mfuko mmoja wa saruji. Ukifunika kwa nailoni iliyobanwa kingo zote kwa mawe, matumizi yanashuka sana, na kazi yako inabaki kuinua pembe kila asubuhi kuona kama bado pana majimaji.

Maji yenyewe yawe masafi. Baadhi ya visima vya upande wa Kitengela na Syokimau vina chumvi, na chumvi ikipenya hadi kwenye vyuma inaharakisha kutu. Kama zege lako lina vyuma, tafuta maji ya mvua au ya mfereji.

Sehemu inayoumia kwanza zege likinyimwa maji ni uso, na uso ndio unaotumika. Bila shaka umeishi katika nyumba ambayo sakafu yake hutoa vumbi la kijivu kila ukifagia, miaka nenda miaka rudi. Mara nyingi ni saruji ya juu ambayo haikupata maji ya kumaliza kazi. Vitundu vile vile huruhusu hewa na maji ya mvua kufika kwenye vyuma, vikaota kutu, vikavimba na kubandua zege kutoka ndani.

Kabla ya siku ya kumwaga, patana na fundi ni nani atakayemwagilia, maana yeye akishasawazisha hukusanya mwiko na karai akaenda mjengo mwingine, na kibarua hulipwa kwa siku. Mara nyingi kazi hii humwangukia mwenye nyumba, na haihitaji ufundi wowote.

Na kama siku 10 zimekwisha pita bila tone? Mwagilia hivyo hivyo; chembe zilizolala zikipata unyevu huamka kwa kiasi, ingawa nguvu zote hazirudi, kwa sababu vitundu vilivyokauka havijai tena kirahisi. Kwa veranda ya kuwekea viti, upungufu huo unavumilika. Kwa msingi wa tangi la lita 5,000, ambalo likijaa lina tani 5 za maji, mwite mhandisi alipime zege kabla hujapandisha tangi.