Je, wajua? Kufungua mshipa wa moyo si sawa na kuzuia mshtuko wa moyo

Mtu wa Bukavu anayetoka ziwani akipanda kuelekea soko la Kadutu anabanwa na kifua kila afikapo mahali palepale mlimani. Akisimama dakika chache, kifua kinaachia. Maumivu yanayokuja na kazi na kuondoka na mapumziko, yakabaki hivyo kwa miezi bila kuzidi, ndiyo dalili ya ugonjwa wa mishipa ya moyo uliotulia. Vipimo vikionyesha mshipa umebana kwa asilimia 80, familia huanza kuchanga pesa apelekwe Kigali, Nairobi au India akafunguliwe mshipa huo. Je, akifunguliwa ataishi zaidi kuliko akimeza vidonge peke yake?

Kwa wengi wa aina hii, hapana. Jibu hili hukataliwa haraka, kwa sababu fikra ya kawaida ni kwamba pale palipobana ndipo patakapoziba. Fikra hiyo ilipata nguvu tangu Andreas Grüntzig alipopanua mshipa wa moyo kwa puto mjini Zürich mwaka 1977, mgonjwa akiwa macho. Leo puto huingizwa kupitia mshipa wa mkononi, na nyavu ndogo ya chuma, yaani stenti, huachwa ndani ili pasijifunge tena. Picha ya kabla na ya baada inashawishi sana. Lakini inaonyesha njia ya damu tu. Haionyeshi ukuta wa mshipa, na ugonjwa wenyewe uko ukutani.

Mafuta hujichimbia ndani ya ukuta huo, yakafunikwa na utando. Palipobana siku nyingi, mara nyingi utando ni mnene, wenye kovu na chokaa. Kwingine mshipa umebana kwa asilimia 40 tu, mtu hasikii lolote, ila utando ni mwembamba hata chini ya milimita 0.065. Ukichanika, damu hugusa mafuta, huganda papo hapo, na bonge huziba mshipa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Fikiria barabara ya Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola. Ukipanua kona moja nyembamba, malori yatapishana vizuri kuanzia siku hiyo. Lakini udongo hauchagui kona nyembamba: unaporomoka pale ulipolegea, pengine kilomita mbili mbele, mahali ambapo jana barabara ilikuwa pana. Anayetaka barabara isikatike hushughulikia miteremko yote. Stenti ni kupanua kona. Statini, dawa inayoshusha kolesteroli, hufanya kazi kwenye miteremko yote kwa pamoja: hupunguza mafuta ukutani na kuimarisha utando. Ni kweli kwamba palipobana sana napo huchanika. Tofauti ni kwamba sehemu zilizobana kidogo ni nyingi zaidi.

Utafiti wa COURAGE wa mwaka 2007, wenye wagonjwa 2,287, ulipata vifo na mishtuko ya moyo kwa asilimia 19.0 kwa waliofunguliwa na 18.5 kwa waliotumia dawa tu. Ule wa ISCHEMIA, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuwa na watu 5,179 katika nchi 37: vifo 145 upande wa kufungua mishipa, 144 upande wa kuanza na dawa. Takriban mmoja kati ya watano walioanza na dawa alifunguliwa baadaye.

Kufungua kunasaidia maumivu, na hilo si dogo. Katika ISCHEMIA, kati ya waliokuwa wakiumwa kila siku au kila wiki, nusu ya waliofunguliwa hawakuwa na maumivu baada ya mwaka mmoja. Kwa dawa peke yake, asilimia 20.

Haya hayamhusu mwenye mshtuko wa moyo sasa hivi. Maumivu yanayokuja mtu ameketi, yakipita dakika 20, pamoja na jasho baridi, ni dharura, na hapo kufungua mshipa huokoa maisha. Mwenye kubana kwenye shina la mshipa wa kushoto wa moyo au moyo uliodhoofika sana naye hakuwemo katika ISCHEMIA.

Dawa zenyewe kwa kawaida ni atorvastatini miligramu 40 hadi 80 kwa siku, aspirini miligramu 75 hadi 100, na bisoprololi au amlodipini ya kutuliza maumivu. Bisoprololi haikatizwi ghafla. Nitrogliserini, dawa ya kutuliza maumivu ya kifua yanapokuja, huwekwa chini ya ulimi mtu akiwa ameketi, maana hushusha presha. Aliyetumia sildenafili (Viagra, dawa ya nguvu za kiume) ndani ya saa 24 asiiguse.

Wagonjwa wa tafiti hizi walifuatiliwa kwa karibu, kwa hiyo kwa mtu ambaye dawa zake hukatika kila mwezi ushahidi ni mdogo. Lakini stenti haimwondolei shida hiyo. Kwa kawaida inadai aspirini pamoja na klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kwa takriban miezi 6, na anayeacha mapema anaweza kupata bonge la damu ndani ya stenti yenyewe. Kabla ya kuchanga pesa za safari, familia ihesabu kwanza kama vidonge vya miezi hiyo vitapatikana Bukavu.